Theluji ya Sukari

29 Novemba

Sentimita kumi na nane za theluji mpya kwenye ubao wa kupimia, theluji yote pamoja thelathini na moja. Namba nimezituma kwenye ofisi ya maporomoko ya theluji kabla ya saa moja asubuhi, kama kila siku ya msimu. Daftari hili nimelifungua kwa sababu kwenye fomu ya ofisi hakuna mahali pa kuandika kwamba Luregn amesimama dirishani tangu kulipopambazuka, anaitazama theluji kama mtoto aliyewekewa keki mezani.

"Imekuja, Barla."

"Najua. Mimi ndiye niliyeipima."

"Umepima urefu. Uzuri hukuupima."

Miaka ishirini na tisa nimeolewa na mtu huyu na bado hajaniachia neno la mwisho hata siku moja.

4 Desemba

Jua. Digrii kumi na nne chini ya sifuri. Theluji mpya: hakuna.

5 Desemba

Jua. Baridi. Hakuna.

11 Desemba

Jua tena. Kijiji kizima kinaisifu hali ya hewa, na Mengia wa posta amenikuta nimenuna akadhani nimegombana na mume. Nikamwambia nimegombana na anga. Theluji nyembamba ikikaa chini ya baridi kali siku nyingi, chembe zake huachana. Kila moja inakua peke yake, inang'aa, inakuwa na kona kona, na ukizichota zinakumwagikia mkononi kama sukari. Yote itakayoanguka baadaye itakalia sukari hiyo. Ni kama kuweka meza ya mawe juu ya gololi.

20 Desemba

Nimechimba shimo upande wa kivuli, juu ya malisho ya Alp Sura. Hofu yangu ndiyo niliyoikuta: sukari tupu mpaka kwenye nyasi. Nilimletea Luregn kidogo kwenye kikopo. Akatia kidole, akalamba.

"Haina utamu," akasema.

"Usiwapeleke watu kule."

"Mama, nimeanza kuongoza watu mlimani wewe ukiwa unasuka nywele mafungu mawili."

"Na bado nakwambia usiwapeleke."

Hakuwapeleka. Alijifanya ni kwa sababu upepo haukumpendeza.

8 Januari

Sentimita ishirini na tano. Hatimaye.

9 Januari

Thelathini. Ofisi imepandisha hatari mpaka daraja la tatu kati ya tano. Luregn anapaka nta ski zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, ambazo alizipaka juzi tu.

22 Januari

Supu ya shayiri shuleni ninakopika, watoto hamsini na wawili, wawili wametapika. Theluji mpya: hakuna.

30 Januari

Dhoruba siku tatu. Sentimita sabini na nne kwa jumla, na upepo umeikokota yote upande wa kivuli. Jana mchana vipande viwili vya mteremko wa Muota, juu ya Alp Sura, viliporomoka vyenyewe, tukavisikia tukiwa mezani, ngurumo ndefu kisha kimya. Luregn aliacha kutafuna. "Vizuri," akasema, "acha ujisafishe." Lakini katikati ya vile vipande viwili pamebaki sehemu kubwa haijaanguka. Nimeiona kwa darubini. Sijaipenda.

5 Februari

Siku ya shimo. Tulikwenda mimi na Mengia, yeye akiandika, mimi nikichimba. Chini ya msonobari mkubwa kwenye mteremko wa Muota theluji ina mita moja na sentimita sitini. Nilikata nguzo ya theluji, nikaipiga juu kwa kiganja mara thelathini kama tunavyofanya. Haikukatika. Sukari ipo chini kabisa lakini imebanwa na uzito, imeanza kushikana. Nimefurahi, sifichi.

Kuna sehemu ya pili ya kupima, huko juu karibu na miamba, mwendo wa dakika arobaini zaidi. Mengia alikuwa anatetemeka na mgongo wangu ulikuwa unauma. Tukarudi. Nimeandika: *tabaka la chini limeshikana.*

8 Februari

Kuku wa Basel wamewasili. Naandika hivyo na najua si vizuri. Vreni, Trudi na Annelis wanakuja nyumbani kwetu kila Februari, huu ni mwaka wa kumi na saba, wanalala chumba cha juu, na Luregn anawapandisha mlimani: ngozi zimebandikwa chini ya ski ili zisirudi nyuma, wanapanda kwa jasho lao nusu siku, wanazibandua, wanateremka kwa robo saa huku wakipiga makelele. Vreni alikuwa mkunga, sasa amestaafu. Trudi anaendesha tramu. Annelis anafundisha hesabu. Kabla hawajavua viatu nyumba nzima ilinuka biskuti za asali, na Trudi alishatoa filimbi yake afanye mazoezi ya sherehe ya mwezi ujao kwao.

"Luregn! Umenenepa!" Hiyo ndiyo salamu ya Vreni.

"Ni koti."

"Koti gani linalotafuna?"

Luregn akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sijamchekesha hivyo tangu Krismasi. Haya, nimeliandika.

9 Februari

Asubuhi nzima walikuwa bustanini kwangu wanafanya mazoezi ya kufukua. Kila mwaka ni lazima kwa Luregn, hampeleki mtu kokote kabla. Anafukia mfuko wenye kiredio kinachovaliwa kifuani ili aliyefukiwa na theluji apatikane, nao wanautafuta kwa viredio vyao, pii, pii, pii, kisha fito ndefu, kisha makoleo. Nilitazama kutoka dirisha la jikoni nikifunga madonge ya unga kwa majani ya spinachi, kapuns zetu. Walikuwa wanagombana muda wote.

"Kushoto, Trudi! Kushoto! Hivi ndivyo unavyoendesha tramu?"

"Tramu ina reli, mwanamke!"

Mara ya kwanza dakika kumi na tisa. Luregn akatikisa kichwa. "Nimeshakufa. Rudieni." Wakarudia mara sita. Wamechimbua mizizi yangu ya stroberi.

11 Februari

Wamekwenda upande wa jua, wamerudi wekundu kama nyanya. Filimbi.

12 Februari

Filimbi.

13 Februari

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi Luregn alichukua karatasi yangu ya tarehe tano kutoka kwenye jokofu ninakozibandika. Kwa kawaida huzisoma kama mtu anavyosoma tangazo la dawa ya meno. Leo alivaa miwani. Akasoma mpaka chini, akawaambia wale watatu, "Barla amesema tabaka limeshikana. Kama Barla amesema, limeshikana. Tunakwenda Muota." Akanibusu utosini akapita. Nilijisikia fahari. Niliosha vikombe nikiimba.

Saa tano na dakika ishirini nilikuwa jikoni shuleni, nakwaruza viazi. Simu ikalia.

"Barla, ni Vreni. Yuko hai. Naanza na hilo usije ukaanguka. Yuko hai, anapumua mwenyewe, helikopta inakuja."

"Nani?" nikauliza. Mpumbavu mimi, kana kwamba kuna mwingine.

"Luregn wako. Zima jiko, vaa koti, nenda hospitali ya Chur. Sisi tutakufuata. Umezima jiko?"

"Nazima."

"Nataka kusikia ukizima."

Nikazungusha kitufe cha jiko nimeshika simu karibu nacho. Ndipo akakata.

Mengine waliniambia wao wenyewe mchana kwenye viti vya korido ya hospitali, wakiwa bado na viatu vya ski. Luregn aliwaacha chini ya mti wa mwisho akatangulia peke yake, kama anavyofanya siku zote, apite kwanza yeye. Alipofika karibu na miamba, mlima ulisema *vuum*. Trudi anasema aliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Ufa ukakimbia juu yake, mwembamba, kama mtu aliyechora kwa kalamu, kisha sehemu nzima ile iliyobaki ikaanza kuondoka. Waliona koti lake jekundu mara mbili. Halafu hawakuliona tena.

"Nilinyoosha kidole pale alipopotelea," Annelis akasema. "Sikukishusha. Nilijua nikipepesa macho nitapasahau." Aliponieleza alikuwa bado amekinyoosha, anaelekeza ukuta wa hospitali, na Vreni akamshusha mkono taratibu.

Vreni ndiye aliyetoa amri. Alitazama juu kama kuna kingine cha kuanguka, akasema sasa. Trudi akaenda na kiredio moja kwa moja mahali palipoonyeshwa na kidole, bila kugombana na mtu, na namba za umbali zikashuka mpaka mita moja na sentimita ishirini. Annelis akachoma ufito. Mara ya kwanza barafu. Mara ya pili barafu. Ya tatu ikagota kitu laini.

"Nikauacha palepale," akasema, "tukaanza kuchimba kuufuata, kutokea chini ya mteremko. Wawili wanachimba, mmoja anavuta theluji nyuma. Kila dakika tunabadilishana. Nilikuwa natazama saa." Anafundisha hesabu. "Dakika kumi na moja mpaka uso."

Uso ulikuwa wa bluu na mdomo umejaa theluji. Vreni aliitoa kwa vidole viwili, kama anavyosafisha mtoto, akampulizia mara tano. Mara ya sita Luregn akakohoa.

"Nimepulizia watoto arobaini na tatu," Vreni akaniambia. "Huyu ndiye wa kwanza mwenye sharubu."

Ndipo wote watatu wakaanza kulia kwa pamoja, nami nimekaa katikati yao nikiwa na aproni ya shule, nimeshika mikono ambayo sijui ilikuwa ya nani. Kucha za Trudi zimekatika zote.

Waliporuhusu niingie, Luregn alikuwa amefungwa bega na kifua. Bega limechomoka, mbavu mbili zimevunjika. Alifungua jicho moja.

"Barla," akanong'ona. "Daktari wa helikopta amenichania koti."

14 Februari

Sikupima asubuhi. Ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja. Mengia amenipimia.

Nimekaa na ile karatasi. *Tabaka la chini limeshikana.* Chini ya msonobari, ndiyo, limeshikana, kwa sababu pale theluji ni nene. Karibu na miamba ni nyembamba, uzito haukuibana sukari, na mtu mmoja anatosha kuiamsha. Hilo nalijua. Nimelifundisha kwa wengine. Nilikuwa na dakika arobaini za kwenda kulithibitisha nikarudi nyumbani kwa sababu ya mgongo na baridi.

Miaka yote amekuwa akinitania kuhusu mashimo yangu. Siku aliyoniamini ndiyo siku hiyo.

16 Februari

Nimemwambia. Nilingoja muuguzi atoke.

"Sikwenda kwenye miamba, Luregn. Nilichimba mahali pamoja tu. Ulikwenda kwa sababu yangu."

"Karatasi ilisema msonobari," akasema. " Imeandikwa juu kabisa, urefu na mahali. Nilikuwa nimevaa miwani."

"Ulisema mimi nimesema."

"Kwa sababu nilitaka kwenda! Kuku walikuwa wamengoja siku nne. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ndiyo."

"Usinipunguzie."

"Sikupunguzii. Nachukua changu. Shimo lako halikunishika ukosi likanivuta."

"Lakini..."

"Barla, nina mbavu mbili zimevunjika. Tugombane, sawa, lakini usinichekeshe na usinilize, vyote vinauma."

Basi tukagombana polepole, kila mmoja anavuta kosa upande wake kama blanketi fupi. Hatukumaliza. Wakati wa kuaga alishika kidole changu kidogo akaking'ang'ania mpaka chakula kilipokuja.

19 Februari

Wale watatu walikuwa waondoke Jumamosi iliyopita. Hawajaondoka. Trudi ameomba ruhusa kazini, Annelis anasahihisha madaftari mezani kwangu. Asubuhi nimekuta wamepasua kuni za wiki mbili, vibaya, vipande vinene kama viti.

Hatari imeshuka, na mteremko hauna tena cha kuangusha. Ilinibidi nipande pale ulipokatikia nikachimbe. Ofisi inahitaji vipimo. Vreni akasema anakuja. Nikamwambia si lazima. Akasema hakuuliza.

Karibu na miamba lile bamba la theluji ngumu la juu lina sentimita arobaini tu. Chini yake sukari mpaka magotini. Nilipogusa ukuta wa shimo ilimwagika yenyewe, ikajaza viatu vyangu, ikasimama, ikamwagika tena. Nikakaa chini palepale.

Vreni alimimina chai kutoka kwenye chupa akanipa. Baadaye akasema, "Mwaka wangu wa sita wa ukunga, nilisikiliza tumbo la mama mmoja upande mmoja tu. Ilikuwa jioni, nilikuwa na wagonjwa wengine. Nikamwambia ana mtoto mmoja. Walikuwa wawili."

"Wa pili?"

"Alichelewa kupata hewa. Ana miaka thelathini na minne sasa, mguu mmoja anauburuta. Ana duka la baiskeli. Matairi yangu nanunua kwake." Akanywa. "Mama yake nilimwambia ukweli siku ileile. Halafu kesho yake nikarudi kazini nikasikiliza matumbo pande zote, na nimesikiliza hivyo mpaka nastaafu. Sasa simama, utagandia hapo. Niambie niandike nini."

Nikamtajia, akaandika. Urefu, ugumu, ukubwa wa chembe. Mwisho nikamwambia aandike: *Tarehe 5 Februari mahali hapa hapakupimwa. Palipaswa kupimwa.* Akaniangalia kuhakikisha, akaandika kwa herufi kubwa za kikunga, zinazosomeka.

21 Februari

Wameondoka. Nilisimama kituoni mpaka treni ikapinda. Nyumba haina filimbi. Nimetembea chumba hadi chumba kama aliyepoteza ufunguo.

27 Februari

Luregn yuko nyumbani. Analalamikia mito, supu, redio, na namna ninavyomfunga vifungo. Theluji mpya: sentimita tisa.

6 Machi

Amejaribu kupaka nta ski kwa mkono mmoja. Nta iko kwenye zulia.

15 Machi

Leo alitoka nami kwenda kupima. Alishika kitabu, mimi nikasoma ubao. Hakusema chochote cha kuchekesha. Alipoandika namba alinionyesha kwanza, kama mwanafunzi.

Nilidhani namjua. Nilidhani mizaha yake ni kwa sababu haogopi. Tulipokuwa tunarudi ndani akaniambia kwamba chini kule, kabla hajazimika, alisikia makoleo, na akawa anawaza: Barla ataambiwa akiwa kazini, mbele ya watoto. Hicho ndicho kilichomsumbua. Aliniambia hivyo akikung'uta viatu, bila kunitazama.

2 Aprili

Kadi kutoka Basel. Wanakuja Pasaka, wana siku zao za Februari ambazo mlima uliwadhulumu. Vitanda vitatu. Chini Trudi ameongeza: *Na Barla aache kutukodolea macho dirishani, avae ski aje.*

Walikuwa wananiona. Miaka kumi na saba.

19 Aprili, Jumamosi ya Pasaka

Nimevaa ski. Sijapanda na Luregn kwa miaka sita. Mara mgongo, mara kazi, mara kwa sababu nilidhani mlimani anapenda kuwa bila mimi. Tuliondoka alfajiri watano, yeye bega limefungwa chini ya koti jipya. Trudi nyuma yangu alinisahihisha kila hatua.

"Buruta mguu, usiunyanyue! Unatembea kama unakanyaga zabibu!"

"Mimi nimezaliwa hapa, Trudi."

"Na mimi nimezaliwa kwenye ghorofa, lakini natembea bora."

Saa mbili tulifika kibanda cha Alp Sura, chini ya Muota. Mteremko ulikuwa mweupe, laini, umejazwa upya na theluji ya Machi, mzuri mpaka koo linakauka. Kawaida ya majira haya baridi ya usiku huugandisha ukawa mgumu, unapanda salama mapema na kuteremka kabla jua halijaulegeza. Lakini usiku wa jana mawingu hayakutoka, na haukuganda vizuri. Nilichoma fimbo, ganda la juu likakubali haraka mno. Nikachimba pale. Nikasogea hatua mia nikachimba tena. Nikasogea karibu na mawe nikachimba mara ya tatu. Hakuna aliyeniharakisha. Mashimo mawili yalikuwa mazuri. La tatu lilikuwa na unyevu chini ambao sikuuelewa.

Nikarudi walipo. Wote wanne wakanitazama, na Luregn akangoja.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vibaya au hujui vizuri?" Annelis akauliza.

"Sijui tu."

"Jamani, saa tatu nzima kwenye treni," Trudi akasema, "kuja kuambiwa sijui."

Luregn alikuwa ameshainama. Anabandua ngozi za ski zake kwa mkono mmoja, kama mtu aliyemaliza kupanda, anazikunja, anaziweka kifuani chini ya koti. Hakuongeza neno. Nilingoja, namjua, lakini hakuongeza.

Tulikaa ukutani kwa kibanda, kwenye jua, tukala mkate, nyama kavu na mayai yaliyopakwa rangi. Mbele yetu Muota yote. Saa nne haikuporomoka. Saa tano haikuporomoka. Kikundi kimoja kutoka bonde la pili kilitokeza juu ukingoni, wakateremka mmoja mmoja wakichora mistari ya kupendeza, wakatupungia mikono, wakapita. Tukawapungia. Mpaka tunaondoka haikuanguka hata konzi moja.

Vreni alivua viatu akaota jua vidole. Luregn alijilaza akaweka kichwa mapajani mwangu, uzito wote, kama gunia, na baada ya dakika chache mdomo ukafunguka akaanza kukoroma. Trudi akaniambia nimfinye pua.

Nikamwacha akorome.